Unga wa uwele ulioanza kuwa mchungu siku ya tisa: uchambuzi wa kisa

Kikundi cha akina mama kinasindika nafaka pembezoni mwa jiji la Dodoma. Mwezi Agosti kilisaga gunia moja la uwele, kikauza unga wote gulioni ndani ya siku sita, na wateja wakauliza utakuja tena lini. Desemba kikajipanga kwa ukubwa: kilo 200 za uwele, paketi za kilo moja zenye lebo ya rangi, maduka manane mjini. Zilipatikana paketi 165 na zote zikasambazwa. Lalamiko la kwanza lilikuja siku ya tisa. Kabla wiki ya tatu haijaisha, paketi 70 zilikuwa zimerudi, na mwenye duka mmoja alizirudisha na swali: “Mama, huu unga mmeusaga na mwarobaini?”

Kikundi hiki ni cha mfano. Hakina jina kwa sababu hakipo mahali pamoja. Makosa yake yamekusanywa kutoka katika makosa yanayojirudia kwenye viwanda vidogo vya unga wa uwele, yakawekwa chini ya paa moja ili ionekane yanavyoshikana mikono. Idadi za paketi na kilo za kikundi ni za mfano huo. Mengine yote, tangu mafuta ya punje hadi joto la maji, ndivyo yalivyo.

Kinachofanya kisa kiwe kigumu ni swali ambalo kikundi chenyewe kiliuliza kwanza: mbona wa Agosti haukuharibika?

Kufungua paketi

Unga ulimiminwa kwenye ungo. Rangi yake ilikuwa ileile ya kijivu. Hakukuwa na mabonge, wadudu, nyuzi za kuvu wala harufu ya udongo mbichi. Ukiuvuta puani kwa karibu, ulinukia kama karai lililokaangiwa maandazi juzi na halijaoshwa. Uji wake usiotiwa sukari ulikuwa wa kawaida mdomoni, kisha, baada ya kumeza, uchungu ukaja nyuma ya ulimi na ukakaa.

Mpangilio huo wa dalili unatosha kupunguza orodha ya washukiwa. Unga ulioota kuvu hunuka kuvu na hushikana. Uliopata maji ukaanza kuchachuka huwa mkali kama togwa. Uchungu unaokuja baadaye, ukiambatana na harufu ya mafuta ya zamani, ni mafuta ya punje yenyewe yaliyovunjika.

Hapo ndipo uwele unapotengana na ndugu zake. Watu wamezoea kuutaja pamoja na ulezi na mtama kana kwamba ni kitu kimoja, na lebo nyingi huandika hivyo. Uwele una mafuta ya karibu asilimia 5 ya uzito wake, na mara nyingine zaidi. Ulezi hauna hata asilimia 2. Sembe, iliyokobolewa na kutolewa kiini, iko karibu na asilimia 1. Kiini cha uwele ni kikubwa mno kwa punje ndogo kama ile, kiasi cha asilimia 17 ya punje nzima, na humo ndimo mafuta yalimo. Kimeng'enya kinachovunja mafuta, lipasi, kimo kwenye kiini na kwenye tabaka la nje la punje. Punje ikiwa nzima, mafuta na lipasi viko vyumba tofauti. Nyundo za mashine zinabomoa kuta, na tangu dakika hiyo lipasi inaanza kuyakata mafuta kuwa asidi huru, ambazo ni chungu. Kisha hewa inaingia kazini na kuleta ile harufu ya karai.

Ndiyo maana uwele ukiwa punje unakaa mwaka na zaidi kwenye kihenge kikavu, lakini unga wake mbichi, kwenye joto la Dodoma ya Desemba, huanza kubadilika ndani ya wiki moja hadi mbili. Bibi wa Kigogo aliyesaga uwele wa kutosha siku tatu nne, akauacha uliobaki kwenye kilindo, hakuwa amekosa mashine tu. Alikuwa anajua unga huu haungoji.

Washukiwa watatu walioachiwa

Wa kwanza alikuwa mkulima: ameuza uwele wa zamani. Punje zilizobaki kwenye gunia zilitafunwa zikiwa kavu na hazikuwa na uchungu wowote. Zilisagwa kwa kinu cha mkono, uji ukapikwa siku hiyohiyo, ukawa mtamu. Mkulima akaachiwa.

Wa pili, mashine. Hapa kulikuwa na kosa, ila dogo. Mashine ya kukodi husaga mahindi ya huyu na mihogo ya yule, na kwenye kona za chemba na kwenye bomba la kutolea hubaki unga wa wiki zilizopita. Unga huo umeshachacha na unatia harufu kwenye wa kwanza kutoka. Dawa yake ni kupitisha kilo mbili za nafaka yako na kuziweka kando. Kosa hilo lingeharibu paketi mbili tatu za mwanzo, si 70.

Wa tatu, ile dhana kwamba uwele “kwa asili yake ni mchungu”. Dhana hii huishi kwa sababu watu wengi wa mjini hawajawahi kula unga wa uwele uliosagwa wiki hiyo. Ugali wa uwele mpya na mlenda hauna uchungu wa kuombewa radhi.

Maji ya kuoshea

Kosa kubwa lilizaliwa na nia njema. Unga wa Agosti ulisifiwa, lakini wateja walisema una mchanga. Ni kweli: uwele uliopurwa kwenye udongo huja na chembe za mchanga zenye ukubwa unaokaribiana na punje, na ungo peke yake hauzimalizi. Kwa hiyo Desemba kikundi kiliosha uwele wote kwenye beseni, kikiukoroga na kumimina punje huku mchanga ukibaki chini. Kazi ikafanyika vizuri; zaidi ya kilo 6 za mchanga na takataka zilitoka.

Kisha punje zikaanikwa kwenye turubai siku moja. Desemba mawingu yameshaanza na hewa ina unyevu. Jioni punje zilikuwa zinateleza mkononi, kavu kabisa kwa juu, na asubuhi yake zikapelekwa mashine. Lakini maji ya kuoshea yalikuwa yameshaingia ndani. Ukavu wa juu ya punje hausemi lolote juu ya kiini, na lipasi inapenda unyevu kuliko kitu kingine chochote.

Kikundi kilipima kwa chumvi, na ndipo kilipojidanganya. Kipimo hicho ni kizuri kwa kazi yake: chupa ya kioo iliyo kavu, theluthi moja nafaka, vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili tatu, chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Chumvi isipoganda, unajua tu kwamba uko chini ya hapo. Unaweza kuwa kwenye 14. Viwango vya kimataifa vya unga wa uwele vinaweka ukomo wa asilimia 13, na kwa unga utakaokaa dukani, 13 bado ni juu. Lenga 10 au chini yake.

Kipimo bora kwa kiwanda kisicho na mashine ya kupimia ni mfuko wa shahidi. Chukua uwele mkavu kutoka gunia lilelile, upepete na kuuchambua hadi usiwe na mchanga, pima kilo 1 kamili kwa mzani wa jikoni, na uufunge kwenye mfuko wa chandarua wenye nafasi ya kutosha. Mfuko huo unaoshwa pamoja na wenzake na unaanikwa katikati ya wenzake, punje zikiwa zimetandazwa ndani. Ukirudi kwenye mzani na kuonyesha kilo 1, maji yaliyoingia yametoka yote. Ukionyesha gramu 1,030, bado kuna maji gramu 30, na unga wa siku hiyo usisagwe. Ikiwa gunia lenyewe lilikuwa na unyevu tangu lilipotoka kwa mkulima, anika kwanza bila kuosha hadi uzito ugome kushuka siku mbili mfululizo, ndipo upime hiyo kilo ya shahidi.

Sasa jibu la swali la Agosti linaonekana. Agosti Dodoma ni kavu na usiku kuna baridi, punje hazikuoshwa, na unga wote uliliwa kabla haujafikisha wiki mbili. Ulikuwa unga uleule wenye udhaifu uleule. Haukupewa muda wa kuuonyesha.

Makosa yaliyofuata kwa mkia

Unga hutoka mashine ya nyundo ukiwa na joto. Ulifungwa papo hapo kwenye mifuko ya nailoni, na ndani ya saa moja kulikuwa na ukungu wa maji upande wa ndani. Unga unatakiwa utandazwe kwenye sinia au turubai safi, kina cha vidole viwili, hadi upoe: saa moja au mbili, kivulini. Usilazwe wazi usiku kucha wakati wa mvua, maana utavuta unyevu wa hewa na kazi yote ya kuanika itakuwa bure.

Mifuko ilikuwa nyepesi na angavu ili rangi ya unga ionekane, na nusu ya kila mfuko ilikuwa hewa. Dukani ikapangwa mbele, kwenye jua la saa nane. Mwanga, hewa na joto kwa pamoja ndivyo vinavyomalizia kazi iliyoanzwa na lipasi.

Paketi 40 kati ya 165 ziliitwa “unga wa lishe”, zikiwa na karanga za kukaanga zilizosagwa humo humo. Hizo ndizo zilizotangulia kurudi, na hakuna ajabu: karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Lakini uchungu ndilo tatizo dogo hapa. Karanga, pamoja na mahindi, ni njia kuu ya sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu) kuingia kwenye chakula. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani. Uwele hushambuliwa kidogo kuliko mazao hayo mawili. Kuuchanganya na karanga ambazo hazikuchambuliwa wala kupimwa ni kuupa hatari isiyo yake. Ukomo wa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa aina ya B1, na hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuziona hizo. Ushauri wetu ni mkali: paketi ya uwele iwe ya uwele. Anayetaka karanga kwenye uji wa mtoto azisage nyumbani siku ya kupika, baada ya kutupa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizovunjika.

Kuchovya kwenye maji ya moto

Lipasi inauawa na joto. Njia iliyojaribiwa sana ni kuchovya punje kwenye maji ya nyuzi 98 kwa sekunde 10 hadi 30, kisha kukausha na kusaga. Kwa unga uliotengenezwa hivyo, uhai huhesabiwa kwa wiki badala ya siku.

Ila Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nyuzi 98 hutazipata hata uchochee kuni za kijiji kizima. Tena, uwele wa baridi unaposhuka kwenye sufuria unayapoza maji. Ukitia kilo 5 kwenye lita 25, joto hushuka nyuzi 5 hivi. Ukitia kilo hizohizo kwenye lita 10, hushuka zaidi ya nyuzi 10, na utakuwa unaosha uwele kwa maji ya uvuguvugu mkali huku lipasi ikiendelea kuishi. Kwa hiyo uwiano wa kilo 1 kwa lita 5 usiguswe, na muda uongezwe.

Kazi inakwenda hivi. Osha uwele kutoa mchanga. Chemsha lita 25 kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko, moto mkali. Weka kilo 5 kwenye mfuko wa chandarua au kitambaa chepesi uliojaa nusu tu, ili maji yapite kati ya punje. Zamisha, koroga mfuko kwa mwiko, funika, hesabu dakika 1 kamili. Usivuke 2: punje zitaanza kupasuka na wanga kuvimba, zitachelewa kukauka, na madini yanayoyeyuka yatabaki kwenye sufuria. Inua, acha zichuruzike, tandaza mara moja kwenye chanja lenye wavu, unene usiozidi sentimita 1. Geuza kila saa. Ngoja maji yachemke tena kwa nguvu ndipo uzamishe mfuko unaofuata. Maji yaleyale yanafaa kwa mifuko minne au mitano ukiongeza yanayopungua. Yakishakuwa mazito na ya kahawia, badilisha.

Kiangazi, siku mbili za jua zinatosha. Masika, njia hii ni mtego, kwa sababu umezilowesha punje na huna jua la kuzikausha. Wakati huo ni afadhali kukaanga zikiwa kavu: sufuria pana, moto wa wastani, kiasi cha kufunika chini tu, kukoroga bila kupumzika hadi zinukie na chache zianze kupasuka. Ladha inabadilika. Kwa uji inapendeza. Kwa ugali wapo watakaolalamika, na andika “uliokaangwa” kwenye lebo wasishtukizwe.

Kukoboa nako kunasaidia, kwa kuwa kunaondoa sehemu ya tabaka la nje na vipande vya kiini. Lakini uwele unathaminiwa kwa chuma chake, miligramu 6 hadi 8 kwa gramu 100, na sehemu kubwa ya madini iko hukohuko unakokoboa. Ukikoboa hadi uwe mweupe kama sembe, umepata unga unaokaa na umeuza sababu ya kuununua.

Mitungi mitatu

Kabla ya kununua gunia jingine, kikundi kilitakiwa kufanya jaribio la kilo tatu. Uwele wa gunia moja, mitungi mitatu inayofanana: wa kwanza umesagwa bila kuoshwa, wa pili umeoshwa na kuanikwa siku moja kama Desemba, wa tatu umechovywa na kukaushwa hadi mfuko wa shahidi ukatoa kilo. Yote ikae rafu moja. Kila siku ya tatu unapikwa uji wa kila mtungi, bila sukari, na watu watano wanaonja bila kujua upi ni upi. Siku ambayo watatu kati ya watano wanataja uchungu, mtungi huo umeisha.

Wa pili ndio unaotangulia kuanguka, kisha wa kwanza. Wa tatu unavuka wote wawili, na siku zake ndizo zinazoandikwa kwenye lebo baada ya kupunguzwa theluthi moja, kwa ajili ya jua la dukani. Ukidumu siku 45, andika 30. Lebo ya Desemba iliandikwa miezi 6, namba iliyonakiliwa kutoka paketi ya sembe. Hilo lingekutana na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, lakini lilikutana na mwenye duka kwanza.

Lebo hiyo hiyo ilisema unga “unatibu kisukari na kuongeza damu”. Ifutwe. Hata dai la damu linahitaji masharti: chuma cha uwele kimeshikwa na faiteti, kemikali ya asili ya nafaka, na mwili unakipata kwa shida. Kuotesha punje saa 48, yaani kuzifanya kimea, kisha kuzikausha na kusaga kunapunguza faiteti, na uji wa kimea unakuwa mwepesi kiasi kwamba kikombe cha mtoto kinabeba unga mwingi zaidi. Ubuyu, ambao Dodoma hauna tabu, ukikorogwa kwenye uji ulioshaepuliwa na kupoa kidogo, unaleta vitamini C inayosaidia chuma kupokelewa. Chai ya rangi ya mlo huohuo inafanya kinyume chake.

Hesabu ya shamba

Mwaka 2023 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi kwa Umoja wa Mataifa, na sifa zao kwa mazingira zimesemwa sana. Ni za kweli. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na ikikatika Februari mahindi yanakufa. Uwele unavunwa hata kwenye milimita 400 na udongo wa kichanga, na aina ya Okoa, iliyotolewa mwaka 1994, hukomaa ndani ya miezi mitatu hivi.

Lakini mavuno ya mkulima wa kawaida mara nyingi hayafiki tani 1 kwa hekta. Chukua kilo 800. Paketi 70 zilizorudi zilitokana na uwele wa zaidi ya kilo 80, yaani karibu robo ekari: palizi, kufukuza kweleakwelea alfajiri na jioni, na mvua ya msimu mzima. Kuchovya nako kunakula kuni au gesi, na hilo liwekwe kwenye hesabu. Njia rahisi kuliko zote haigharimu moto hata kidogo: kikundi kihifadhi punje badala ya unga, kisage kila Jumatatu kwa oda zilizopo, na kichovye ule wa maduka ya mbali tu. Mchanga nao uzuiwe shambani, kwa kumwongeza bei mkulima anayepura juu ya turubai. Bila mchanga hakuna sababu ya kuosha uwele wa oda za wiki.

Zimebaki zile paketi 70. Kuzikaanga upya, kuzichekecha au kuzichanganya na unga mpya hakuondoi asidi zilizokwisha kutengenezwa. Kunaharibu na ule mpya. Za uwele mtupu, zisizo na kuvu, zinaweza kulishwa kuku wakubwa kidogo kidogo ndani ya chakula chao cha kawaida, si vifaranga. Zile za karanga zisipewe kuku wala bata, kwa kuwa sumukuvu huwadhuru ndege hao, bata hasa. Zifukiwe kwenye shimo la mboji.